Treni ikianguka, wewe wa stesheni baki na simu yako

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, nami niko zamu katika stesheni ndogo kati ya Londiani na Muhoroni, huko ambako reli inateremka kutoka Mau kuelekea ziwani. Treni ya mizigo niliyoipa njia saa mbili kasorobo haikumfikia jirani yangu wa stesheni ya chini. Nikazungusha simu. "Bado," akasema. Nikangoja, nikazungusha tena. Mwishowe nikamwona gadi, msimamizi wa treni ile, anakuja kwa miguu juu ya mataruma, taa nyekundu mkononi, suruali imelowa hadi magotini. "Mabehewa mawili yamelala, matatu yametoka relini," akaniambia. "Nyuma nimeshatega fataki." Hizo huwekwa juu ya reli, zikilipuka chini ya gurudumu dereva ajue asimame.

Miguu ilitaka kukimbia naye kurudi kule. Kilichonizuia ni swali la mzee aliyenifunza kazi: mtu wa ishara akienda kutazama, nani anabaki kuzuia treni ya pili?

Naandika haya kwa vijana wanaoanza kazi za stesheni na ishara. Mambo ya kunyanyua mabehewa yana watu wake, wenye jeki na kreni. Sehemu yetu haionekani, na ndiyo inayoweza kuua watu wengine baada ya wale wa kwanza kunusurika.

Nilichofanya kwanza ni kumpigia jirani na kumwambia sehemu ya reli kati yetu imefungwa, nikamtaka anirudishie maneno yangu yote. Nikawapigia kontroli, ofisi inayoongoza treni zote. Halafu kitabu: saa, jina la aliyeniambia, maneno aliyosema, kilomita aliyoitaja. Andika hapo hapo, hata kama mkono unatetemeka. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa na uweke sahihi. Usifute, usichane ukurasa. Asubuhi utakuwa umeongea na watu ishirini na kichwa hakitakumbuka nani alisema nini.

Kisha funga wenzo wa ishara ya kutokea, ile inayoruhusu treni kuondoka stesheni. Kuna kola ya chuma inayovishwa kwenye wenzo ili mkono wako usiuvute kwa mazoea. Yetu ilikuwa imepotea zamani, nikafunga kitambaa chekundu pamoja na kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Usione hayo ni mambo ya watoto. Tarehe 22 Mei 1915, pale Quintinshill kule Scotland, mtu wa ishara aliisahau treni iliyosimama mbele ya kibanda chake, treni ile ile iliyomleta kazini asubuhi hiyo. Kola hazikuwekwa. Akairuhusu treni ya wanajeshi kuingia, wakafa zaidi ya watu 200. Kusahau kunampata hata mtu hodari, hasa akiwa amechoka na simu zinalia kila upande.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila kijana alishike. Kichwa cha treni na mabehewa ya mbele vilikuwa vizima, kwa hiyo baada ya kukaguliwa viliruhusiwa kushuka polepole hadi kwa jirani. Vilipofika, jirani akanipigia kwa furaha: "Kaka, treni imeingia. Nikupe laini klia?" Yaani neno kwamba njia iko wazi kwa treni nyingine.

"Taa ya mkia umeiona?"

Kimya. Nasikia mvua upande wake wa simu.

"La, kaka. Sijaiona."

Treni bila taa ya mkia, ile ya nyuma ya behewa la mwisho, haijafika. Nusu yake iko njiani, na kwetu nusu hiyo ilikuwa gizani juu ya mteremko. Yule kijana hakuwa mzembe, alikuwa na saa sita kazini bila kula, na macho yake yalitaka kuona kazi imekwisha. Basi usiulize kama treni imeingia. Uliza kuhusu taa ya mkia, na uandike jibu.

Kuhusu mteremko wenyewe: kutoka kilele cha Mau hadi Kisumu reli inashuka zaidi ya mita 1,300. Mabehewa yaliyokatwa na kuachwa yafungwe breki za mkono na kuwekewa vigingi kabla kichwa hakijaondoka, nawe umtake gadi akuthibitishie hivyo kwa maneno yake. Wenzetu wa Tanzania wanajua gharama yake. Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko hadi ikagonga ya mizigo, na zaidi ya watu 200 wakafa.

Treni ya msaada ilitoka Nakuru alfajiri. Inaingia sehemu ambayo tayari ina treni, kwa hiyo laini klia ya kawaida haiifai. Dereva apewe karatasi inayosema mbele kuna nini, kilomita gani asiipite, na aende mwendo wa kuweza kusimama akiona kizuizi. Nyingine ikija kutoka Kisumu, mpaka kati yao uandikwe, na pale kwenye ajali awepo mtu mmoja tu mwenye kuruhusu treni kusogea. Nimesikia wakubwa watatu wakinipigia simu kwa zamu, kila mmoja na amri yake. Niliwajibu kwa heshima kwamba nitasogeza treni nikipata neno la yule mmoja. Walikasirika, na sijutii.

Kama kuna tangi la mafuta, waite polisi na chifu mapema, kabla wanakijiji hawajafika na mitungi. Sisi wa upande huu hatuhitaji kuelezwa: Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukaua zaidi ya mia moja. Taa yako ya mafuta ya taa usiisogeze hapo.

Ajali nyingine niliyoishuhudia ilitokea ndani ya stesheni, juu ya pointi, pale reli zinapogawanyika na ulimi wa chuma huipeleka treni njia hii au ile, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Mshika pointi, baba wa watoto wanne, mtu makini, aliona ulimi wa pointi umekaa vibaya, akauvuta ili "kusaidia" kabla ya wakaguzi kufika. Alidhani anafanya wema. Wakaguzi walipouliza ulimi ulikuwa umelalia wapi gurudumu lilipopanda reli, hakuna aliyeweza kuwaonyesha. Pengine hakuwa na kosa lolote, ila ushahidi ambao ungemtetea aliuvuta kwa mikono yake mwenyewe. Alihamishwa, na sikumwona tena akicheka. Basi usiguse. Wenzo, kufuli, waya, hata alama ya gurudumu juu ya reli, viache vilivyo, upige picha, umweke mtu alinde. Na watu wakikuuliza chanzo, waeleze ulichoona na saa uliyokiona, basi. Maelezo yako yaandike peke yako, bila kuyalinganisha na ya mwenzako.

Gengi, mafundi wa reli, na nyapara wao walimaliza njia yetu jioni ya siku ya pili. Hapo ndipo kila mtu anataka treni ipite. Usifungue njia kwa neno la "iko sawa." Sawa kwa kipimo gani, na ni nani anayeweka sahihi? Kwenye pointi, weka kipande cha chuma kati ya ulimi na reli, ujaribu kufunga: kufuli likikubali na ishara ikafunguka, kazi haijaisha. Tembea na waya mpaka mwisho wake. Na kama umekesha, omba zamu ibadilishwe kabla ya majaribio. Mimi niliomba. Mwenzangu akaja na chupa ya chai, akapokea kitabu, akanisomea kila mstari kwa sauti kabla ya kutia sahihi.

Sikuweza kwenda kulala. Nilisimama nje ukumbini nikiitazama treni ya kwanza ikipanda kutoka chini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilihesabu mabehewa yote, na mwisho kabisa nikaona taa ya mkia, nyekundu, inayumba kidogo. Ndani mwenzangu alikuwa ameshaanza kuandika saa.