Je, bia nyeusi ya Dudley ilikuwa imeharibika?

Dada, kama ni hiyo uliyopewa Dudley, mji wa Uingereza, nyeusi, haina ubaridi na povu lake haba, haikuharibika. Ndiyo maildi (mild) yenyewe, aina ya bia ya Kiingereza isiyo chungu sana. Huvutwa kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono, nyuzi 11 hadi 13 hivi, bila gesi ya kuongezwa.

Usiigugumie. Inuse kwanza: ukoko wa mkate, sukari guru, kahawa kwa mbali. Uchungu ni kidogo, hopsi zake, yale maua yanayotia bia uchungu, ni chache. Weusi watoka kwenye kimea kilichokaangwa, si kwenye ukali. Nyingi zina kilevi asilimia 3 hadi 3.6. Ila ukifika Sedgley, karibu na Dudley, Dark Ruby Mild ya kiwanda cha bia cha Sarah Hughes ni asilimia 6, chukua nusu painti, ile glasi ndogo!

Ikinuka siki, irudishe kaunta.