Kijana anasema gemu zinasaidia wanasayansi, ananidanganya?

Mama, nimekuelewa, kijana wa S3 (kidato cha tatu) anamaliza bando usiku kwa simu yako halafu ukimgombeza anakuambia gemu zinasaidia kutafuta dawa. Hapo hajadanganya sana. Kuna gemu inaitwa Foldit, ilitoka 2008 Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, unakunja protini kwenye skrini kama unakunja waya, ikikaa vizuri unapata pointi. Mwaka 2011 wachezaji, wengi hata si wanasayansi, walipata umbo la kimeng'enya (protini inayofanya kazi ndani yake) cha kirusi kinachowapa kima ugonjwa kama ukimwi, ndani ya wiki 3 tu, wataalamu walikuwa wamekisumbukia miaka zaidi ya 10! Umbo likijulikana, ndipo wanaweza kutafuta dawa ya kukizuia.

Lakini ile ya mpira anayocheza na marafiki haitafuti dawa yoyote, tusidanganyane.

Wangu nilimwambia sawa, basi nionyeshe hiyo Foldit, Jumamosi tu, kwa kompyuta ya mjomba wake huko Ntinda, Kampala (ni bure, ila inataka kompyuta). Siku ya kwanza dakika kumi kachoka. Ya pili akaniuliza asidi amino ni nini, mimi nauza matoke nitajulia wapi, nikamtuma kwa mwalimu wake wa bayolojia. Jaribu hivyo, na simu ukilala nayo wewe.

Chunga sana beting (kamari ya mpira), inaingilia hapohapo kwenye gemu za mpira. Ukiona pesa zinapotea nyumbani, au halali usiku wala hali chakula, usimpige, mpeleke kwa mshauri wa shule, ikizidi daktari wa afya ya akili, hospitali ya Butabika, Kampala, wapo.