Jibu: bima ya mwenye nyumba na yale ambayo kampuni inasema haitalipa

Mkuu, umesema mkataba wako wa bima unaahidi kulipa mtu akiumia kwenye nyumba unayopangisha, halafu kurasa zinazofuata zinataja mambo chungu nzima ambayo kampuni haitalipa. Unauliza umebaki na nini hasa. Umebaki na kingi, ila inabidi usome vifungu hivyo mpaka nukta ya mwisho.

Nimepangisha nyumba kwa miaka mingi na nimeshapitia dai la aina hii. Mgeni wa mpangaji wangu alishika kishikio cha ngazi, kikang'oka, akaanguka na kuvunjika mkono. Aliponidai fidia nikaipeleka barua yake kwa kampuni ya bima. Wakakataa. Walitaja kifungu kinachosema hawalipi dhima, yaani wajibu wa kisheria wa kulipa fidia, ambayo mwenye nyumba amejitwisha mwenyewe kwa mkataba. Hoja yao: kwenye mkataba wa upangaji niliahidi kutunza ngazi, kwa hiyo deni linatokana na ahadi yangu.

Lakini kifungu hicho kilikuwa na sentensi ya pili ambayo barua yao haikuigusa: isipokuwa pale ambapo dhima ingekuwepo hata bila mkataba huo. Kesi yote ilikuwa hapo. Ngazi inayotumiwa na kila anayeingia ikiwa mbovu, mwenye nyumba anaweza kudaiwa kwa uzembe, awe aliahidi kuitengeneza au hakuahidi. Tena yule mgeni hakuwa hata mmoja wa waliosaini mkataba wa upangaji. Niliwaandikia hivyo, nikanakili kifungu kizima na kuambatanisha mkataba. Wakalichukua dai, pamoja na gharama za wakili.

Sasa geuza upande wa pili. Kama kwenye mkataba wa upangaji umesaini kwamba utamfidia mpangaji kwa hasara yoyote, hata isiyotokana na kosa lako, hapo kampuni itakuwa na haki ya kukuachia mzigo. Sheria isingekudai, umejidai mwenyewe. Ndiyo maana nasisitiza uweke mikataba yote miwili mezani, wa bima na wa upangaji, uisome kwa pamoja. Wengi wetu tunanakili mkataba wa upangaji kutoka kwa mtu mwingine bila kujua kila sentensi inatufunga vipi.

Eneo lingine la kuangalia sana ni mafundi. Bima ya dhima kwa kawaida haimlipi mfanyakazi wako akiumia kazini, kwa sababu hiyo ni kazi ya bima ya fidia kwa wafanyakazi. Mtu unayemwita mara kwa mara, unamwelekeza afanye nini na unampa vifaa, anaweza kuhesabiwa mfanyakazi wako hata kama wewe unamwita kibarua. Fundi anayejitegemea mwombe akuonyeshe bima yake kabla hajapanda juu ya paa.

Madhara ya polepole, kama kuvu ukutani, rangi yenye madini ya risasi au asbesto, mara nyingi yameondolewa kabisa. Uliza kama kuna nyongeza unayoweza kununua, hasa kwa nyumba ya zamani. Uliza pia nyumba ikikaa tupu inakuwaje, maana mikataba mingi hupunguza kinga baada ya siku 30 au 60 mfululizo. Na ukianza kupangisha kwa wageni wa siku chache, au mpangaji akafungua biashara ndani, iarifu kampuni.

Makusudi hayalipwi. Ukibadilisha kufuli na kumtupia mpangaji vyombo nje, usitegemee bima, na hapo nakubaliana na kampuni kabisa.

Vyombo vya mpangaji navyo huleta ugomvi mwingi. Bima yako ya dhima hailipi kwa sababu tu vimeharibikia nyumbani kwako. Inalipa pale unapowajibika kisheria. Bomba likipasuka bila kosa lako, hasara ya vitu vyake ni ya bima yake mwenyewe, na ni vizuri umweleze hivyo siku anapoingia.

Usisahau masharti. Hayamo kwenye orodha ya yasiyolipwa, lakini yanaweza kuua dai vilevile: toa taarifa mapema, na usikubali kosa wala kuahidi fidia kabla kampuni haijajua. Mpe pole aliyeumia, mpeleke hospitali, piga picha za mahali penyewe.

Ukikataliwa, dai jibu la maandishi lenye namba ya kifungu. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, kampuni inayosema tukio limeondolewa kwenye kinga ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha hilo, na maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Nakili hapa kifungu chenyewe, futa majina na namba ya mkataba, nitakipitia.