Mita 800 za shambani hazitoshi saa saba mchana

Mwenye shamba Laikipia akitaka kiwanja cha ndege ndogo, hukimbilia kamba ya kupimia urefu. Aanze na kimo cha ardhi. Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, yenye mzigo kamili, kwenye lami kavu usawa wa bahari, huhitaji kama mita 500 kuondoka na kuvuka kizuizi cha futi 50. Kila futi 1,000 za kimo huongeza takriban asilimia 10, kwa hiyo kwenye futi 6,000 zile 500 zinakaribia 890. Joto la nyuzi 25 limezidi kwa nyuzi 22 joto ambalo kipimo cha kimataifa cha urubani hukipa kimo hicho. Kila nyuzi 10 ni asilimia 10 nyingine: kama 1,090. Nyasi fupi kavu, asilimia 20: karibu 1,310. Zidisha kwa 1.33 ya usalama, umefika kama mita 1,740. Umande ukiwapo, nyasi zitadai asilimia 30 badala ya 20.

Hayo ni makadirio ya kuchagulia ardhi tu. Siku ya safari rubani hufuata kitabu cha ndege yake. Kutua huhitaji nafasi ndogo zaidi, na hapo ndipo watu hunaswa: ndege inaingia vizuri asubuhi, mchana haitoki. Huondoka kesho yake alfajiri, au abiria wanashushwa wapelekwe kwa gari.

Udongo mweusi uepuke hata kama ndiko kulikonyooka. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza gurudumu, masika hunata kama ugali mbichi na kujaa ndani ya vifuniko vya magurudumu. Tafuta mgongo wa udongo mwekundu unaoelekea upepo wa kawaida. Greda iinue katikati kidogo, maji yashukie mitaro ya pembeni, na mitaro ikae mbali na magurudumu. Mwinuko wa asilimia 2 mbele ya ndege inayoondoka hula asilimia 10 nyingine.

Ukishashindilia, endesha pikapu yenye springi ngumu kwa kilomita 75 kwa saa toka mwisho hadi mwisho. Kichwa kikigonga paa, bado hujamaliza. Jaribio hilo ni la siku hiyo tu, maana muhanga huchimba usiku. Mtu atembee njia nzima kila siku ya safari, tena kabla ndege haijaondoka inakotoka, si ikiwa tayari inazunguka juu.

Usipange mawe makubwa yaliyopakwa chokaa kandoni; gurudumu likipotoka kidogo tu, yatavunja mguu wa ndege. Fukia nusu ya tairi kuukuu na kupaka rangi nyeupe. Kokoto ni adui wa propela: pale rubani anapojaribu injini akiwa amesimama, mwaga zege, la sivyo propela itafyonza mawe na kujitoboa kingo. Mfuko wa upepo wenye urefu wa mita 3.6 na mdomo wa sentimita 90 huonekana vizuri toka juu. Nyaya za umeme hazionekani, kwa hiyo chunguza nguzo za jirani pia.

Kabla ya kukodi greda, nenda KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuhusu kibali, na NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu tathmini ya mazingira. Mpe kijana wa pikipiki kazi ya kuondoa ng'ombe dakika 15 kabla, na mamlaka ya kusema “leo hapana” kisigino chake kikizama baada ya mvua.