Maswali ya Wasomaji: Jiko la kambi ya tamasha jangwani

SWALI: Tuko watu 12, tunakwenda tamasha la Burning Man katika jangwa la Black Rock, Nevada, Marekani, kwa siku 6. Tumeambiwa chakula hakiuzwi huko. Tubebe maji kiasi gani, na jiko la namna gani?

JIBU: Maji kwanza, maana ndiyo yatakayoamua mwende na gari gani. Hesabuni lita 6 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuosha kwa pamoja. Kwa siku 6 ni lita 432, yaani madumu 22 ya lita 20. Chukueni 24. Hayo ni maji ya kilo 480, kwa hiyo angalieni uwezo wa gari kabla ya kupakia kingine chochote. Tangi moja kubwa hurahisisha kazi, lakini likipasuka mmekwisha. Dumu likivuja mmepoteza lita 20 tu.

Jiko liwe la gesi, la pleti mbili, lenye miguu mipana, pamoja na mitungi miwili ya propani ya kilo 6. Kuchemsha lita moja ya maji hula takriban gramu 20 za gesi pasipo upepo. Upepo ukilaza mwali, kiasi hicho huongezeka mara mbili au zaidi, ndiyo maana mtungi mmoja hautoshi kwa uhakika. Vikopo vya gesi ya butani peke yake viacheni: karibu na nyuzi 0 butani haitoki vizuri, na alfajiri ya jangwani huweza kuwa na baridi kali.

Kingeni mwali kwa bati pande tatu, mtungi ubaki nje ya kinga. Ukizungushiwa bati pamoja na jiko, hupata moto na shinikizo la ndani hupanda. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi kila mnapobadilisha mtungi. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Na msipikie ndani ya hema, hata vumbi livume vipi: kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, haina harufu.

Vumbi lenyewe ni la magadi, laini kama unga wa ngano, kwa sababu Black Rock ni sakafu ya ziwa lililokauka. Huingia kwenye matundu ya jiko. Mwali wa buluu ukigeuka njano, zimeni, subirini lipoe, kisha safisheni matundu na tundu la hewa kwa mswaki mkavu. Magadi hula alumini, hivyo sufuria za chuma cha pua ni bora. Kwa wali wa watu 12 mtahitaji kilo 1.2 za mchele na sufuria ya lita 10. Mahali hapo ni mita 1,190 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100, chakula huchelewa kuiva, na maharage makavu yatawamalizia gesi. Bebeni adesi, au maharage yaliyokwisha kupikwa.

SWALI: Nyama itadumu?

JIBU: Ndiyo, kwa masanduku mawili ya barafu: la vinywaji, linalofunguliwa kila saa, na la chakula, linalofunguliwa mara mbili kwa siku. Nyama igandishwe nyumbani, ndani ya vyombo visivyopitisha maji, ikae chini kabisa. Ikiogelea kwenye maji ya barafu, maji hayo huchafua kila kitu. Barafu ya mabonge makubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo. Penye joto la zaidi ya nyuzi 32, chakula kilichokaa nje saa moja kitupwe.

SWALI: Maji ya vyombo tumwage wapi?

JIBU: Popote pale hapana; kuyamwaga ardhini ni marufuku huko. Futeni sahani kwa mwiko wa mpira, nyunyizeni maji ya sabuni kwa chupa ya kupulizia, kisha suuzeni kidogo. Mkitumia lita moja kwa mtu kwa siku, mtarudi na lita 72: madumu manne yaliyokwisha maji ya kunywa, yakipigwa alama nyekundu ili yasirudiwe.