Niliandika programu yangu ya kuprogramu redio: sheria inaruhusu wapi, inakataza wapi

Redio zenyewe, zile za mawasiliano zinazopokea na kurusha sauti, zilikuwa nzima: betri mpya, sauti safi, hata mkwaruzo hazina. Kilichokufa ni programu ya kompyuta ya kuzipangia masafa. Mtengenezaji aliiandika enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, akaiacha hapo hapo, na kwenye kompyuta za leo haifunguki. Sikuona sababu ya kutupa redio nzima kwa kosa la programu, nikaamua kuandika yangu. Ilipokubali, nikaiweka mtandaoni bure ili wenye redio kama hizo nao wapone. Miezi michache baadaye nikapokea barua ya mawakili wa mtengenezaji.

Roho iliniruka. Jioni hiyo nilikaribia kufuta kila kitu. Namshukuru rafiki aliyeniambia nilale kwanza, kisha niisome barua upya kalamu mkononi. Niliposoma kwa utulivu, niliona kwamba vitu wanavyovitaja kwa majina ni vitatu tu: faili la fimwea, yaani programu ya ndani inayoendesha redio yenyewe, kitabu cha mafundi, na nembo yao niliyoipachika juu ya dirisha la programu yangu. Vyote vitatu niliviweka mimi, kwa nia njema, nikidhani namrahisishia mtumiaji. Na vyote vitatu ni mali yao. Nikaviondoa siku hiyo hiyo, nikajibu kwa heshima, nikaeleza hatua kwa hatua jinsi nilivyoandika msimbo wangu, yaani maandishi ya programu. Barua nyingine haikuja, na programu bado ipo.

Mimi si mwanasheria. Lakini baada ya barua ile nilisoma sana, na kuna jambo natamani ningelijua kabla ya kuandika mstari wa kwanza: hakimiliki hulinda namna mtu alivyoandika programu yake, hailindi mbinu inayofanya kazi ndani yake. Hii si tafsiri yangu. Mkataba wa TRIPS wa 1994, unaohusu haki za kazi za ubunifu na unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema hivyo katika kifungu cha 9: ulinzi ni wa maandishi au umbo la kazi, si wa mawazo, taratibu, mbinu za utendaji wala hesabu.

Kwenye redio hilo linaonekana wazi. Niliazima kompyuta kuukuu ambayo programu ya zamani ilikubali kufunguka, nikachomeka kebo, nikarekodi kila baiti, yaani kipande kidogo cha data, iliyopita. Nikabadilisha kitu kimoja tu, nikarekodi tena, nikalinganisha. Nilipoweka 145.500 MHz kwenye chaneli ya kwanza, zilitokea baiti nne: 00 00 55 14. Ukizisoma kutoka nyuma unapata 14 55 00 00, masafa yale yale kwa hatua za hezi 10. Nikaongeza toni ya hezi 88.5, sauti ya chini inayoifungulia redio nyingine ikusikie, zikatokea 75 03. Zigeuze, usome kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita (heksadesimali), unapata 885. Nilikaa wiki kadhaa nikifanya hivyo, daftari likajaa. Hakuna hata mstari mmoja wa msimbo wao niliouona. Nilichojifunza ni jinsi redio inavyotunza namba, na hiyo ni mbinu.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililigusa jambo hili mwaka 2012, katika kesi ya SAS Institute dhidi ya World Programming. Ilisema kwamba kazi ambayo programu inafanya, pamoja na muundo wa mafaili yake ya data, si vitu vya kulindwa kama maandishi ya programu. Mwandishi wa programu za redio aijue kesi hii.

Kuna redio ambazo hazijibu mpaka uzitumie neno fulani la kufungulia mazungumzo, na wapo wanaoogopa kwamba kulinakili neno hilo ni wizi. Marekani kulikuwa na kesi inayofanana na hofu hiyo: Sega dhidi ya Accolade, 1992. Mashine ya michezo ya Sega ilikuwa inatafuta herufi za jina la kampuni ndani ya mchezo, isipoziona inagoma. Accolade, watengenezaji wa michezo, waliufumua msimbo, yaani waliirudisha programu iliyokamilika katika umbo linalosomeka, wakaligundua hilo, wakaziweka herufi hizo kwenye michezo yao. Mahakama ya rufaa ilisimama upande wao: kufumua msimbo kulikuwa ndiyo njia pekee ya kufikia yale yasiyolindwa na hakimiliki, na herufi zile zilikuwa ufunguo wa kuingilia tu.

Kufumua programu ya mwenzako, hata hivyo, kuna mipaka zaidi kuliko kusikiliza kebo. Umoja wa Ulaya unaruhusu, kwa Maelekezo 2009/24, kama unayo programu kihalali na lengo ni kufanya programu yako ielewane na nyingine, tena kwa sehemu zinazohitajika tu. Mkataba wa mauzo unaokukataza hilo hauna nguvu huko. Marekani ni tofauti: mwaka 2003, katika kesi ya Bowers dhidi ya Baystate, mahakama ilikubali kwamba masharti uliyoyakubali wakati wa kununua yanaweza kukunyima ruhusa hiyo. Kwa hiyo kabla ya kubofya "nakubali", soma. Mimi sikuwa na desturi hiyo. Sasa ninayo, na nakala ya masharti naitunza pamoja na madaftari yangu.

Jihadhari zaidi na kufuli. Kama mtengenezaji amefunga mawasiliano kwa nywila au kwa usimbaji unaoficha data, sheria ya Marekani ya 1998 iitwayo DMCA inakataza kuvunja kufuli hizo, ingawa ina nafasi kwa ajili ya programu kuelewana. Funguo za mifumo ya redio za watu wengine sizigusi kabisa, wala sizisambazi hata nikiombwa kwa machozi.

Kosa jingine linatoka upande ambao watu hawautarajii: msimbo huria, ule ulio wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia kwa masharti ya leseni yake. CHIRP ni programu huria inayohudumia redio za aina nyingi sana, na ni shule nzuri. Lakini iko chini ya leseni ya GPL. Ukichukua msimbo wake ukautia kwenye kazi yako na kuisambaza, kazi hiyo nayo itoke kwa leseni hiyo, na msimbo wake uwe wazi. Huwezi kuufungia ukauza kimya kimya. Na kwa jinsi nionavyo, kama redio yako inaweza kuongezwa ndani ya CHIRP, anza huko kabla ya kujenga nyumba mpya.

Sheria ya masafa ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayoweza kumfikia mtu asiyekujua. Programu yako inaweza kuwa safi kwa hakimiliki na bado ikaifanya redio irushe mahali isiporuhusiwa, ikamwingilia zima moto au ndege. Anayebonyeza kitufe cha kurusha ndiye anayehitaji leseni, ila sikuona kwamba hilo linanitoa mimi lawamani. Programu yangu inakataa masafa yaliyo nje ya yale ambayo mtengenezaji aliitengenezea redio. Watu wameniomba niondoe kizuizi hicho, nimekataa kila mara. Kubadilisha fimwea ndiyo kabisa siingii, kwa kuwa hapo unaweza kugusa nguvu ya kurusha na vitu ambavyo redio ilipimiwa kabla ya kuruhusiwa sokoni.

Jina la mtengenezaji nalitumia kwa kueleza tu: "inafanya kazi na redio za" fulani. Halimo kwenye jina la programu, na nembo haipo tena.

Faili la maelezo linalokuja na programu limekuwa refu kuliko zamani. Linasema nani aliandika, kwa leseni ipi, kwamba haina uhusiano na mtengenezaji, na kwamba msimbo niliuandika mwenyewe baada ya kusikiliza kebo. Linamwambia mtumiaji asome kwanza kilichomo kwenye redio na kukihifadhi kabla ya kuandika chochote. Programu yenyewe haikubali kuandika mpaka nakala hiyo iwepo. Kurasa za daftari, kuanzia ile ya 00 00 55 14, nimezipiga picha zote na kuzitia tarehe.