Kiangazi cha watu wawili mjini: kivuli kimoja, mlo mmoja

Ugomvi wetu mkubwa wa kiangazi cha kwanza cha ndoa tuliufanya saa 7 mchana, tumesimama kando ya benchi la chuma lililokuwa la moto kiasi cha kutokalika, mbele ya jengo ambalo siku hiyo halikufunguliwa. Mume wangu alikuwa na ramani kwenye simu, na juu yake alama sita, sehemu sita tulizopanga kuzimaliza kabla ya jua kuzama. Mimi nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Ukiniuliza leo tuligombania nini, nitakwambia ni chupa ya maji: nani kaisahau mezani. Tulirudi nyumbani na treni, kila mtu akiangalia dirisha lake.

Huu ni mwaka wa tisa tangu tuoane. Bado tunaishi katika mji mkubwa, bado tunatoka kila wikiendi joto likianza, na kutoka kwetu sasa ni raha ninayoingoja mwaka mzima. Pesa hazijaongezeka sana, wala mji haujapungua watu. Tulichoacha ni ile tabia ya kuuendea mji kama kazi ya kumaliza. Siku hizi tukitoka tunachagua kivuli kimoja na mlo mmoja. Tukipata na jambo la tatu njiani, alhamdulillahi, lakini hatulitafuti.

Nianze na kivuli, kwa sababu wengi hukidharau. Mji mkubwa una joto lake wenyewe. Lami, zege na mapaa hufyonza jua mchana kutwa, kisha huliachia polepole usiku, ndiyo maana katikati ya mji huwa na joto zaidi kuliko mashamba yanayouzunguka, na tofauti hiyo huihisi zaidi giza likishaingia. Kwa hiyo wale wanaosema "tutoke jioni kutakuwa kumepoa" wanapata nusu ya ukweli. Jua limeondoka, lakini ukuta unaouegemea bado una moto wa mchana. Nenda penye miti au penye maji. Mti mkubwa si mwavuli wa bure tu. Majani yake hutoa maji hewani, na maji yakigeuka mvuke huchukua joto pamoja nayo. Jaribu kukaa robo saa chini ya turubai, kisha robo saa chini ya mti mkubwa wenye majani mengi, utaona mwili wako mwenyewe unavyokujibu. Na kama mji wenu uko kando ya bahari au ziwa kubwa, alasiri ndiyo saa yenu ya ufukweni: nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda juu, na upepo wa ubaridi kutoka majini huja kujaza nafasi.

Jua kali zaidi ni la kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Sisi saa hizo tumezitoa kabisa kwenye hesabu ya kuzurura. Tunatoka asubuhi na mapema, au tunatoka jioni. Tukiwa tumekwama nje katikati, tunaingia makumbusho au maktaba. Makumbusho mengi hutunza ubaridi na unyevu wa kiasi ili vitu vya zamani visiharibike, na wewe unafaidi humo humo. Mengine huwa na siku au saa za kuingia bure, kwa hiyo ulizia kabla, na ulizia pia kama siku hiyo wanafungua. Sisi tulijifunza hilo mbele ya lile benchi. Na kama hamna pa kwenda, laleni. Nasema kwa dhati: usingizi wa mchana wa watu wawili, dirisha limefunikwa pazia na feni inazunguka, ni matembezi kamili.

Sasa chakula, na hapa naomba uvumilivu wako maana nina mengi.

Kanuni ya kwanza ni kula kabla ya njaa. Mtu mwenye njaa juani hachagui, anakamata. Atanunua kitu cha kwanza anachokutana nacho, atakilipa zaidi ya thamani yake, na atakila amesimama akiwa amekunja uso. Tukipanga kula saa 6, mimi nina karanga mkononi tangu saa 5.

Kanuni ya pili tuliipata kwa machungu. Kiangazi chetu cha pili nilipika wali na kuku, nikaufunga vizuri kwenye bakuli lenye kifuniko, tukauweka kwenye begi la kawaida. Tulizunguka, tukakaa, tukaongea, na tulipofungua kula ilikuwa zaidi ya saa 4 tangu tutoke nyumbani. Ulinukia vizuri kabisa. Mimi nilikula kidogo kwa sababu ya joto, mume wangu alimaliza bakuli. Usiku ule alikesha kati ya kitanda na choo, na mimi nikikesha naye na jagi la maji, najilaumu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba vijidudu vya chakula huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60, na kwamba vingine huacha sumu ambayo hata ukikipasha chakula moto haitoki. Wali uliopikwa ukaachwa kwenye joto ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo: chakula kinachoharibika kisikae nje ya baridi kwa zaidi ya saa 2, na hewa ikipita nyuzi 32, kisizidi saa 1. Usikiamini kwa harufu. Ule wa kwetu ulinukia kama nyumbani.

Tangu hapo tumekuwa na mabegi mawili yenye kitambaa cha kutunza baridi, moja la vinywaji, jingine la chakula. Yanatenganishwa kwa sababu la vinywaji linafunguliwa kila dakika kumi, na kila ukifungua baridi inatoka. La chakula linafunguliwa mara moja tu. Barafu hatununui. Usiku wa kuamkia safari najaza maji kwenye chupa za plastiki na kuziweka kwenye friza, nikiacha nafasi ya vidole viwili vitatu juu, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ukubwa kama asilimia 9 na chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Asubuhi nazipanga pembeni na juu ya chakula, maana hewa baridi hushuka chini. Mianya inayobaki naijaza matunda au taulo, begi likijaa hukaa na baridi muda mrefu kuliko likiwa nusu tupu. Alasiri chupa zile zimeyeyuka nusu, na hakuna maji matamu kama hayo, kipande cha barafu kikigonga gonga ndani kila ukiinua chupa.

Tunachobeba siku hizi ni vitu vinavyostahimili: mkate, jibini ngumu, mayai ya kuchemsha ndani ya baridi, matango mazima, nyanya, ndimu moja na chumvi kwenye kikaratasi. Nyanya msiziweke kwenye friji siku mbili kabla, baridi huua harufu na ladha yake, ziacheni mezani ziive. Tango tunalikata pale pale. Mume wangu hulikata kwa urefu vipande vinne, anaminya ndimu juu, ananyunyiza chumvi kwa ncha za vidole, ananipa kipande cha kwanza kabla hajala chake. Mwaka wa tisa huu, na bado cha kwanza ni changu.

Halafu tikitimaji. Kiangazi bila tikitimaji mimi sikihesabu. Karibu asilimia 92 yake ni maji, kwa hiyo ni kinywaji na chakula kwa pamoja. Ukichagua, geuza utafute lile doa lililolalia ardhi. Liwe la njano iliyokolea, si jeupe. Kisha beba mawili yanayolingana ukubwa, uchukue lililo zito. Osha ganda kabla ya kukata hata kama hutalila, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa nje hadi ndani. Likishakatwa linakuwa chakula cha baridi kama kuku au maziwa, lisiachwe juani. Tunalibeba likiwa limekatwa vipande vikubwa ndani ya kopo, na kitambaa kilicholoweshwa cha kufutia mikono. Usisahau kitambaa. Maji ya tikiti yakikauka viwikoni hukufuatia nyuki wa mji mzima.

Kuhusu vyakula vya barabarani, sikatazi hata kidogo. Nusu ya utamu wa mji mkubwa uko pale, kwenye moshi na kelele. Ninachoangalia ni viwili. Kuna foleni? Foleni maana yake chakula hakikai, kinatoka jikoni kinaingia tumboni. Na je, kinapikwa mbele ya macho yangu kikanifikia kikiwa cha moto? Vikikosekana hivyo tunapita. Tunanunua sahani moja tunagawana, kisha tunasogea kwa muuzaji mwingine na sahani nyingine. Kwa njia hiyo kila mmoja anaonja vinne kwa bei ya viwili.

Aiskrimu, ndiyo, na msiache. Ulimi uliopoa hauonji utamu vizuri, ndiyo maana ikiyeyuka unaiona ina sukari kupita kiasi. Kuleni taratibu. Kikikushika kile kichomi cha ghafla kichwani, bandika ulimi kwenye kaakaa uipashe joto, kitaondoka.

Pesa: kubalianeni kiasi kabla ya kutoka mlangoni. Sisi tunaweka kwenye bahasha moja, bahasha ikiisha tunarudi. Sina zaidi ya kusema hapo.

Kuna jambo moja ninalotamani tungeambiwa mapema. Joto linapomzidi mtu, mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kujua. Mwenzake huona kwanza. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi inatoka jasho jingi, na ukali wa maneno usio na sababu. Huo ukali ndio tuliokuwa nao pale kwenye benchi, na tuliuita tabia mbaya. Sasa mume wangu akinijibu kwa mkato, au mimi nikimjibu hivyo, hakuna anayerudisha neno. Mmoja anasema, "Mpenzi, tukae kivulini kwanza." Tunakaa, tunakunywa maji kwa mafunda madogo madogo, tunalowesha kitambaa tunaweka shingoni. Mara tisa kati ya kumi, baada ya nusu saa hakuna hata anayekumbuka jambo lenyewe. Lakini mtu akianza kuchanganyikiwa, au akizimia, hiyo si ya kivuli tena. Pigia msaada wa dharura mara moja, na mpoze kwa maji wakati mnasubiri.

Krimu ya kujikinga na jua pakeni kabla ya kutoka na mrudie kila baada ya saa 2, hata kukiwa na mawingu. Mpakane mgongoni, hapo ndipo mtu hajifikii.

Jumamosi iliyopita tulitoka saa 11 jioni. Kivuli kilikuwa mti ule ule tuliouzoea, wenye mzizi uliojitokeza ambao mume wangu huuegemea. Mlo ulikuwa mkate, mayai, matango. Kulikuwa na muziki upande wa pili wa bustani na tulisema tutakwenda kuuangalia. Hatukwenda. Nilijilaza kichwa changu kwenye mapaja yake, tukahesabu madirisha ya ghorofa la mbele yakiwashwa taa moja moja, tukafika thelathini na kitu, tukapoteza hesabu, tukaanza upya. Tulipoinuka kukunja mkeka, kwenye begi ilibaki chupa moja, na ndani yake barafu ilikuwa bado haijaisha.